Rais Mstaafu Nyumbani Kwake: Urithi wa Uhuru Kenyatta kati ya Ruiru na Thika

Ni maeneo machache nchini Kenya yanayomwezesha mchambuzi kuutazama urithi wa rais mstaafu kwa ukaribu kama ukanda unaoanzia Githurai, ukapita Ruiru na Juja, ukaishia Thika kwenye mito ya Chania na Thika. Jina la Kenyatta limo humo katika chuo kikuu, katika mashamba, katika kiwanda cha maziwa na katika siasa za uchaguzi tangu uhuru, na kijiji cha Ichaweri huko Gatundu, ambako ndiko nyumbani kwa familia hiyo, hakiko mbali na viwanda vya Thika. Ni ukanda huo huo ulioipigia familia hiyo kura kwa wingi usio na kifani mwaka 2013, ukampa kisogo Uhuru, mtu wake wa pili kuingia Ikulu, Agosti 9 mwaka 2022, kisha ndani ya muda usiozidi miaka miwili ukaanza kumkumbuka kwa huruma. Mabadiliko hayo ya haraka yanahitaji maelezo, kwa sababu Uhuru Kenyatta mwenyewe hakufanya mengi katika muda huo ya kuyaleta.

Urithi wa kisiasa unachukuliwa hapa kuwa mkusanyiko wa vitu vitatu visivyofanana. Cha kwanza ni mali na nasaba, yaani ardhi, biashara na jina la ukoo ambavyo kiongozi huwa navyo kabla ya kuingia Ikulu na hubaki navyo akitoka. Cha pili ni kazi za umma, kama vile barabara, mabwawa, hospitali na sheria, ambazo huendelea kuwahudumia watu hata wakisahau ni nani aliyezianzisha. Cha tatu ni neno lake, kwa maana ya uwezo wa ushauri wake kuhamisha kura kutoka kwa mgombea mmoja hadi mwingine. Vitu hivi vitatu huchanganywa mno katika mijadala, hata ikadhaniwa kwamba mwenye cha kwanza na cha pili lazima awe na cha tatu. Historia ya Thika na Ruiru inaonyesha kwamba cha tatu hakiko mikononi mwa mstaafu hata kidogo, kwa kuwa thamani yake hupandishwa au kushushwa na serikali inayomfuata.

Msingi wa yote ni Jomo Kenyatta, aliyeiongoza Kenya tangu 1963 hadi kifo chake mjini Mombasa Agosti 22 mwaka 1978. Gatundu ilikuwa kama makao ya pili ya dola katika miaka hiyo, kwa maana wajumbe kutoka kila pembe ya nchi walifika huko kumwona rais, na mwaka 1969 viapo vya kuwaunganisha Wakikuyu nyuma ya utawala wake vilifanyika huko. Ardhi aliyoitoa karibu na Juja, ipatayo hekta 200, ndipo kilipojengwa chuo kilichofunguliwa mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, ambacho mwaka 1994 kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili na leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Maelfu ya wanafunzi wanaopanga vyumba Juja, pamoja na wenye ploti wanaoishi kwa kodi ya vyumba hivyo, wananufaika na urithi huo bila kuwa na deni lolote la kisiasa kwa familia iliyoutoa. Upande wa pili wa urithi wa Jomo ni ardhi ambayo haikuwafikia waliotarajia kuipata. Mashamba makubwa ya kahawa, mkonge na mananasi yaliyozunguka Thika na Ruiru yalibaki makubwa baada ya uhuru, mengine mikononi mwa kampuni za kigeni na mengine mikononi mwa Waafrika wachache, huku familia nyingi zilizopoteza mashamba wakati wa ukoloni zikilazimika kujiunga na kampuni za kununua ardhi ili zipate kipande. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Uhuru Kenyatta mwenyewe Mei 21 mwaka 2013, ililitaja suala la ardhi kuwa miongoni mwa dhuluma kuu za kihistoria, lakini mapendekezo yake hayakutekelezwa katika kipindi chote cha utawala wake, na kasoro hiyo ni nzito kwa kiongozi ambaye jina lake limo ndani ya suala lenyewe.

Kwa hiyo si kweli kwamba jina la Kenyatta limewahi kuwa kibali kisichokataliwa nyumbani kwake. Katika uchaguzi mkuu wa 1997, Uhuru aliwania ubunge wa Gatundu Kusini kwa tiketi ya KANU akashindwa na Moses Muihia, ingawa baba yake alikuwa ndiye mwasisi wa taifa na watu wa eneo hilo walikuwa bado wakimtaja kwa heshima. Waliomkataa walikuwa wakikikataa chama cha KANU cha Daniel arap Moi, ambacho kwao kilihusishwa na kuporomoka kwa bei ya kahawa na kwa vyama vya ushirika, na pia na kufungwa kwa viwanda vya nguo baada ya soko kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mitumba ilipoingia kwa wingi na wafanyakazi wa Thika wakabaki bila kazi. Mwaka 2002 alipata kiti hicho hatimaye, lakini alipowania urais mwaka huo kama chaguo la Moi, mkoa wa Kati ulimpendelea Mwai Kibaki. Wapiga kura walitofautisha tangu mapema baina ya kuheshimu ukoo na kutii agizo, na waliokishangaa kilichotokea 2022 walikuwa wameisahau rekodi hii.

Kati ya 2002 na 2013 palikuja urithi wa aina nyingine, ule wa Kibaki, ambao unafaa kutajwa kwa sababu ndio kipimo ambacho wakazi wa ukanda huu huwapimia marais wengine. Barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa takriban kilomita 50 kutoka Nairobi, ilijengwa upya na kampuni za Kichina kuanzia 2009 kwa fedha za serikali, za Benki ya Maendeleo ya Afrika na za China, ikafunguliwa rasmi Novemba 2012 miezi michache kabla Kibaki hajastaafu. Barabara hiyo iliugeuza ukanda mzima: bei ya ardhi ilipanda, mashamba ya kahawa yakakatwa ploti, majengo ya kupangisha yakachipuka, na Ruiru, ambayo kizazi kimoja nyuma ilijulikana kwa kituo cha utafiti wa kahawa na stesheni ya reli, ikahesabiwa kuwa na watu 490,120 katika sensa ya 2019, karibu mara mbili ya Thika yenye 251,407. Kibaki aliishi karibu miaka tisa baada ya kuondoka Ikulu, hadi Aprili 2022, akinyamaza kwa sehemu kubwa kuhusu siasa za uchaguzi. Kunyamaza kwake kuliilinda heshima ya barabara yake, kwani hakuna aliyepata sababu ya kuibeza kwa ajili ya kumpinga yeye. Hata hivyo, ukimya wa namna hiyo ni rahisi kwa mtu ambaye mrithi wake anatoka katika jamii hiyo hiyo na hana haja ya kuupinga urithi wake, na Uhuru Kenyatta hakuipata nafasi kama hiyo.

Uhuru alipochaguliwa mwaka 2013, karibu tisa kati ya kila kura kumi za Kaunti ya Kiambu, ambamo ukanda huu umo, zilikuwa zake. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo ilitoka katika kesi iliyokuwa ikimkabili katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo ilimfanya yeye na William Ruto waonekane kuwa wahanga wa pamoja. Muungano wao ulibeba ahadi ambayo haikuandikwa katika sheria yoyote lakini ilisemwa waziwazi kwenye majukwaa, kwamba Uhuru angehudumu miaka kumi na Ruto miaka kumi. Baada ya maridhiano ya Machi 9 mwaka 2018 kati yake na Raila Odinga, ambayo Wakenya waliyaita handisheki, ahadi hiyo ilivunjwa kimyakimya. Kwa mtazamo wa taifa, maridhiano hayo yaliiondoa nchi katika mvutano mkali uliofuata uchaguzi wa 2017 na yanastahili sifa. Kwa mtazamo wa Thika na Ruiru, yalimaanisha kwamba watu waliofundishwa kwa miaka mingi kumwogopa Raila walitakiwa, bila kuulizwa, wamkubali kuwa mwenzao.

Jambo hilo lisingekuwa na uzito huo kama uchumi wa eneo ungekuwa mzuri. Mwishoni mwa 2017 serikali ilitangaza Ajenda Nne Kuu, yaani viwanda, makazi nafuu, afya kwa wote na utoshelevu wa chakula, na sehemu ya viwanda ililenga kuinua mchango wa sekta hiyo hadi asilimia 15 ya pato la taifa ifikapo 2022. Mchango huo ulikuwa chini ya asilimia 8 alipoondoka madarakani. Tarakimu hiyo ina maana ya moja kwa moja kwa mji kama Thika, wenye viwanda vya nguo, mafuta ya kupikia, vyuma, kemikali na usindikaji wa matunda, kwa sababu idadi ya vibarua wanaosimama langoni alfajiri wakingoja kuitwa inategemea maagizo ambayo kiwanda kimepata. Wafanyabiashara wadogo nao walilalamikia ukaguzi na uzuiaji wa bidhaa walizoagiza kutoka China, na janga la korona likaongeza dhiki juu ya dhiki. Ruto aliikusanya dhiki hiyo yote katika neno hasla, akimaanisha mchumia riziki kwa jasho, akalipambanisha na nasaba za watawala, na katika ukanda ambapo ua wa shamba kubwa hupakana na vyumba vya kupanga vya mabati, upambanuzi huo haukuhitaji kufafanuliwa.

Ishara ya kwanza ilionekana Juja. Katika uchaguzi mdogo wa Mei 18 mwaka 2021, mgombea wa Jubilee, chama cha rais aliyekuwa bado madarakani, alishindwa na George Koimburi wa chama kidogo cha PEP kilichoongozwa na Moses Kuria, mbunge wa Gatundu Kusini wakati huo, na mshindi alipata zaidi ya mara mbili ya kura za mshindani wake. Miezi miwili baadaye UDA, chama cha Ruto, ilinyakua Kiambaa kwa tofauti ndogo sana. Rais mwenye polisi, machifu na bajeti yote ya dola alikuwa ameshindwa kilomita chache kutoka nyumbani kwake, naye bado hakubadilisha mwendo. Machi 31 mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliuzika mpango wake wa kurekebisha katiba, uliojulikana kama BBI, na katika siku za mwisho za kampeni aliwahutubia watu wa Mlima Kenya kwa Kikuyu kupitia vyombo vya habari akiwaonya dhidi ya Ruto. Matokeo ya Agosti yalikuwa ya wazi: takriban robo tatu ya kura za urais Kiambu zilikwenda kwa Ruto, na UDA ikachukua ugavana, useneta, ubunge wa Thika na wa Ruiru, pamoja na Gatundu Kusini, kiti ambacho Uhuru mwenyewe alikuwa amekikalia.

Uamuzi huo husomwa na wengine kuwa chuki dhidi ya mtu, lakini usomaji huo una upungufu. Watu wale wale waliendelea kutumia barabara zake na kuyapokea kwa furaha maji ya bwawa la Karimenu II la Gatundu Kaskazini, lililojengwa katika kipindi chake cha mwisho ili kuhudumia Ruiru, Juja na Nairobi. Walichokikataa ni kitu kimoja tu, nacho ni madai kwamba rais anayeondoka anaweza kuzihamisha kura zao kama mali iliyo katika wosia wake. Moi alikuwa amekutana na kikwazo hicho hicho: mwaka 2007, akiwa mstaafu, alimuunga mkono Kibaki, na wanawe watatu waliowania ubunge Bonde la Ufa, Gideon, Raymond na Jonathan, wakashindwa wote. Tanzania inatoa mfano tofauti, kwa kuwa Julius Nyerere aliyestaafu urais mwaka 1985 alibaki mwenyekiti wa chama hadi 1990, na mwaka 1995 sauti yake ilikuwa na uzito mkubwa katika kumpata Benjamin Mkapa. Tofauti hiyo inatokana na kwamba Nyerere alikuwa na chama kinachodumu, chenye vikao na nidhamu ya kuteua, ilhali vyama vya Kenya huundwa kwa ajili ya uchaguzi na hufa na wagombea wao. Jubilee iliyoundwa mwaka 2016 ilikuwa gofu kufikia 2022, na mstaafu asiye na chama imara ana sauti yake peke yake.

Sheria nayo ina nafasi yake katika hali hii. Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya Rais ya mwaka 2003, iliyotungwa baada ya Moi kuondoka, humpa mstaafu pensheni ya asilimia 80 ya mshahara wa rais aliye madarakani, pamoja na ofisi, wafanyakazi, magari na walinzi, na kwa upande mwingine humtaka asishike wadhifa katika chama cha siasa zaidi ya miezi sita baada ya kuondoka, huku ikimtarajia awe mshauri wa serikali na wananchi. Maana yake ni kwamba riziki ya mstaafu na mipaka ya kauli yake zote mbili huamuliwa na mrithi wake, na mrithi mwenye kisasi anaweza kuzitumia pamoja. Uhuru alipobaki kiongozi wa Jubilee na kuitisha mkutano wa wajumbe wa chama Mei 2023 ili kulizima kundi la Kanini Kega lililotaka kukipeleka chama upande wa serikali, washirika wa Ruto walisema amekiuka sheria hiyo. Juni 2024 ofisi yake ilisema hadharani kwamba serikali ilikuwa imemnyima ofisi na fedha zinazomstahili. Nje ya nchi, wakati huo huo, alikuwa mmoja wa wasuluhishi wa mkataba wa Pretoria wa Novemba 2 mwaka 2022 uliosimamisha vita vya Tigray, na mwezeshaji wa Jumuiya ya Afrika Mashariki katika mazungumzo ya mashariki mwa Kongo, kazi ambazo wapiga kura wa Thika walizisikia kwa mbali na ambazo hazikubadili chochote katika hesabu zao.

Kilichozibadilisha hesabu hizo kilitokea Ruiru. Machi 27 mwaka 2023, siku ambayo upinzani ulikuwa ukiandamana Nairobi, kundi la watu lilivamia shamba la Northlands, ardhi ya zaidi ya ekari 11,000 ambayo familia ya Kenyatta imepanga kuigeuza mji mpya, likakata miti, likaiba kondoo na kuchoma sehemu ya shamba bila polisi kuwazuia kwa wakati. Wiki kadhaa kabla ya hapo, wanasiasa wa upande wa serikali walikuwa wameishutumu familia hiyo kwamba imekwepa kodi, shutuma ambazo Mama Ngina Kenyatta, mama yake Uhuru, alizikana hadharani. Katika eneo ambalo ukubwa wa mashamba ni kidonda cha miaka mingi, ingetarajiwa uvamizi huo ushangiliwe, na wapo walioushangilia. Hata hivyo wengi zaidi waliuona kuwa hatari. Mkazi wa Ruiru mwenye ploti moja aliyoinunua kwa mkopo wa sako, na ambaye hofu yake kubwa ni hati bandia na mabuldoza, alitambua kwamba ikiwa shamba la rais mstaafu linaweza kuvamiwa mchana, basi kipande chake hakina mlinzi. Heshima ya miliki ilimrudisha Uhuru upande wa watu ambao hoja ya nasaba ilikuwa imemtenga nao.

Mengine yakaongezwa na serikali yenyewe. Ushuru wa mafuta ulipandishwa maradufu mwaka 2023, makato ya mishahara kwa ajili ya nyumba na bima ya afya yakafuata, na wafanyakazi wa viwandani wakawa miongoni mwa waliohisi mapema kwa sababu mishahara yao hukatwa kabla haijawafikia. Juni 25 mwaka 2024, wakati vijana walipoandamana dhidi ya Mswada wa Fedha, wakazi wa Githurai, iliyo mlangoni mwa eneobunge la Ruiru, walisimulia milio ya risasi usiku. Oktoba 17 mwaka huo Seneti ilimwondoa naibu rais Rigathi Gachagua, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameiomba radhi familia ya Kenyatta kwa maneno aliyoyasema katika kampeni. Ombi hilo la radhi lina uzito kuliko linavyochukuliwa, kwa kuwa Gachagua alikuwa miongoni mwa waliolijenga jukwaa la 2022 juu ya kumdharau Uhuru, na mwanasiasa huomba radhi pale tu anapoona wapiga kura wamekwisha kutangulia kusamehe.

Kilele cha mzunguko huo kilikuwa Desemba 9 mwaka 2024, Ruto alipokwenda Ichaweri kukutana na mtangulizi wake. Siku kumi baadaye aliwateua katika baraza la mawaziri watu watatu waliokuwa na uhusiano wa kisiasa na Uhuru kwa nyakati tofauti, Mutahi Kagwe, Lee Kinyanjui na William Kabogo, ambaye aliwahi kuwa mbunge wa Juja na gavana wa kwanza wa Kiambu. Wengi walitafsiri uteuzi huo kuwa ushahidi kwamba neno la Uhuru limepata nguvu tena. Tafsiri hiyo inakosea chanzo cha nguvu yenyewe, kwa sababu Uhuru alikuwa na nafasi katika mazungumzo hayo kwa vile Ruto alikuwa amempoteza Gachagua na Mlima pamoja naye. Januari 2025 mstaafu huyo aliwahimiza vijana watetee haki zao, kauli iliyopokewa vyema Thika na Ruiru kwa sababu ililingana na walichokuwa wakikitaka tayari. Hakuna bado ushahidi wa uchaguzi kwamba anaweza kuwapeleka wasikotaka kwenda, na Juja ya 2021 inaelekeza kwenye jibu la kinyume.

Ugumu wake kuelekea 2027 umo katika wapiga kura wenyewe. Gachagua, aliyeanzisha chama cha DCP Mei 2025, anashindania uongozi wa Mlima kwa lugha ya moja kwa moja, ilhali Jubilee imejitokeza upya ikimnadi Fred Matiang'i, aliyekuwa waziri wa usalama wa ndani chini ya Uhuru. Sehemu kubwa ya wakazi wa Ruiru ni wapangaji waliotoka kaunti nyingine, Wakisii, Wakamba, Waluhya na Waluo wakiwemo, ambao hawana kumbukumbu ya Gatundu ya 1969 wala kinyongo cha KANU ya 1997, na waliozaliwa baada ya 2002 watafika vituoni wakimfahamu Uhuru kuwa rais wa utoto wao, enzi ambayo unga na mafuta viligharimu kidogo kuliko sasa. Kwa hao, utawala wake ni bei za kulinganisha na za leo, na ulinganisho huo utampendelea kwa muda ule ule ambao bei za leo zitaendelea kuwaumiza, kisha atakapoingia rais mwingine utaanza kuhesabiwa upya kuanzia kwenye malango ya viwanda vya Thika.